Kisu Kisichozidi Kiganja

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa humu ndani, akaukosa, kisha akanilaumu. Wapo watu waliozaliwa na moyo wa kukabili mambo. Mimi nilizaliwa na miguu ya kukimbia, na mwaka wa vita miguu hiyo ilipata kazi kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa kwanza wa nyumba yetu, sijaolewa. Tulikaa katika kijiji kipya kando ya barabara, upande wa Kasulo, nyumba zimepangwa kwa mistari kama madawati ya shule. Tulikuwa tumehamishiwa hapo miaka michache nyuma, wakati kila mtu alipotakiwa kuishi kijijini. Watu walihama, mbuzi wakahama, hata milango ya nyumba ilibebwa kichwani ikahama. Migomba haikuhama. Ilibaki kule mlimani kwenye mahame yetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, na ile michanga tuliyopanda kijijini ilikuwa bado inajifikiria kama izae au isizae. Aliyetaka kula ndizi alizifuata zilikokuwa.

Kabla ya vita aliyezifuata ni baba. Vita vilipoanza aliitwa pamoja na mgambo wenzake, wakapanda lori kuelekea kaskazini, na panga letu zuri likaondoka naye. Mama alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Alijifungua kwa shida na bado alikuwa akishika ukuta ili asimame. Mhogo ulikuwa umeisha, maharage yalikuwa shambani hayajakomaa, na mtoto alinyonya akalia, akanyonya akalia, mpaka tukajua kwamba kinachotafutwa hakipo. Mama alipaswa kula ili maziwa yatoke. Mtu wa kwenda mahameni nilikuwa mimi, hakuna mwingine.

Njia ya kwenda kule nilikuwa naijua tangu utotoni, lakini ilikuwa imebadilika. Watu walipoondoka nyasi zilirudi. Zilipita kichwa changu, zikafunga pande zote mbili, na kila palipokuwa na nyumba ya jirani sasa palikuwa na kifusi cha udongo na maua ya mihanzi, yale yaliyokuwa yakipandwa uani, yanayochipua bila mwenyewe. Unatembea unasikia nyasi zinasuguana, unasimama, nazo zinasimama. Ukianza kutembea, zinaanza. Nilijua ni mimi mwenyewe ninayezigusa. Kujua hakukunisaidia.

Kisha zilikuwepo habari. Redio ya dukani ilisema nduli amevuka mpaka, na yale ambayo redio haikusema yalisemwa na watu kisimani. Kwamba askari wake waliopotea njia wamejificha porini. Kwamba wapo wapelelezi wanaojifanya wachunga ng'ombe. Kwamba mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alimpa mgeni maji ya kunywa, na kesho yake akachukuliwa kwenda kuhojiwa, na watoto wake wakabaki wanalala kwa majirani. Sikujua lipi la kweli. Niliyaamini yote ili nisikose.

Safari ya kwanza nilikwenda na panga lililobaki nyumbani. Lilikuwa zito, mpini umelegea, na kila nilipopiga nalo lilinirudishia tetemeko mpaka kwapani. Niliporudi, kizuizini barabarani, mkuu wa mgambo alinipokonya. Ilikuwa imetoka amri, alisema: asiye mgambo asionekane njiani na panga, mkuki wala mhoro, ule wembe uliopinda wa kukatia majani ya migomba. Nikamuuliza kwa adabu mkungu unaangushwa na nini, na meno? Akafikiri, akanyoosha mkono wake, akasema kisu kinaruhusiwa kama urefu wa makali hauzidi kiganja. Namshukuru Mungu kwamba mtu yule alikuwa jitu. Kiganja chake kilikuwa kama sinia.

Ndivyo nilivyoanza kutafuta kisu. Nilitaka kisu cha kukatia mkungu na cha kumenyea, na chepesi kiasi cha kufungwa kiunoni chini ya kitenge bila kuonekana. Kiwe cha bei ya mtu asiye na kitu. Na hili sikumwambia mtu: nilitaka kisu cha kunifanya nisiogope.

Nilianzia duka la kijiji. Duka letu wakati ule lilikuwa na rafu nzuri sana, ungeweza kuziona zote, maana hapakuwa na kitu cha kuzifunika. Sabuni ilikuja kwa mgao, chumvi kwa mgao, na wiki ile, kwa bahati ambayo nilidhani imetumwa kwangu binafsi, mgao ulikuwa wa visu. Katoni nzima. Nikasukumana kwenye foleni, nikafika mbele, nikaonyeshwa visu vya kupakia siagi. Vilikuwa na ncha za mviringo, na vinang'aa kama macho ya samaki. Siagi hatukuwa nayo. Mkate hatukuwa nao. Muuza duka akaniambia, uso mkavu kabisa, kwamba ni vyepesi mno. Nikamwambia hata kijiko ni chepesi.

Pili nilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akileta vitu vya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa njia za panya za upande wa Murusagamba. Alinifungulia kitambaa ndani ya jiko lake, mlango umeegeshwa. Humo kilikuwemo kisu cha kukunja, mpini mwekundu, kidogo, kizuri, cha kutia mtu tamaa. Nilikipenda kama msichana anavyopenda mtu asiyemfaa. Nikakikunjua, nikakisukuma kwenye kigogo cha kuni, kikajikunja chenyewe na kuniuma kidole cha shahada. Yule mama akasema kinataka kuzoewa tu. Mimi nikaona kisu kinachomfungia mwenyewe vidole siku ya amani, siku ya hatari kitavikata. Tena kizuizini wangeniuliza nimekipata wapi, nami ningelazimika kusema uongo, na uongo sikuwa na mazoezi nao. Nikakirudisha huku nikinyonya kidole.

Siku ya gulio ndipo nilipomwendea mhunzi. Alikuwa mzee wa Bukiriro, alikuja kila gulio na mzigo wa vyuma mgongoni na kuutandaza juu ya gunia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Cha jikoni au cha safari?"

Nikamwambia cha vyote viwili, chepesi, kisichozidi kiganja. Akacheka, akauliza kiganja cha nani. Habari za kizuizi zilikuwa zimemfikia, na biashara yake yote ilikuwa imebadilika kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Ukitaka kumpa mwenzako kisu, unakiweka chini mbele yake, mpini umwelekee, unarudi nyuma kidogo, naye anainama kukiokota. Ukimpa mkononi mtagombana, ndivyo tulivyoambiwa, na mtoto aliyesahau alipigwa kofi kwenye mkono uleule. Ilikuwa tabia ya mwili, kama kufumba macho ukipuliziwa vumbi. Kwa hiyo mhunzi aliviweka visu vyake chini kimoja kimoja, nami nikaokota kimoja kimoja.

Cha kwanza kilikuwa cha springi ya lori. Chuma cha kutegemewa, alisema, utamrithisha mjukuu. Nikakifunga kiunoni, kitenge kikashuka upande mmoja mpaka wanawake waliokuwa wakiuza viazi wakaanza kucheka. Cha pili kilikuwa cha pete ya pipa, chepesi kama jani. Nikakikunja kwenye goti kama alivyonielekeza, kikakunjika, kikabaki vilevile kimekunjika. Cha tatu kilikuwa cheusi, chembamba, hakina uzuri wowote. Alikikata kwenye msumeno wa wapasua mbao uliovunjika. Nilipokikunja kilikubali kidogo kisha kikarudi. Nilipokigonga kwa ukucha kililia sauti ndogo, ya juu. Nilipokipitisha kwenye nyuzi kavu za mgomba, zikaachia bila kuvutwa. Mpini wake ulikuwa wa mti mweupe mwepesi, umechomewa ndani na kufungwa waya.

"Hicho hakifai kuchongea wala kung'olea mawe," mzee akasema. "Ni cha kukata tu. Ukikibebesha kazi ya panga kitavunjika, na mimi sitaki kusikia."

Tukakubaliana kwa makopo mawili ya maharage ya mavuno yajayo, na kipande cha ngozi ya mbuzi alinipa bure nishonee ala. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu lori la baba liondoke.

Siku zilizofuata nilijizoeza nyuma ya jiko. Namna ya kukifunga ili kisinichome paja ninapoinama. Namna ya kukichomoa haraka. Mara ya nne nilichana kitenge changu cha pekee. Mama alikuwa amekaa mlangoni na mtoto, ananitazama kwa macho ya mtu aliyechoka.

"Ukimchoma mtu na kitu hicho," akasema, "atakukasirikia tu."

Nilicheka. Lakini neno lake liliingia ndani. Mpaka dakika ile nilikuwa nimewaza namna ya kukichomoa, sikuwa nimewaza kinachofuata baada ya kukichomoa. Safari yangu ya kwanza nacho, nikipita kwenye zile nyasi, niligundua kwamba hofu haikupungua hata punje. Iliongezeka. Zamani niliogopa kukutana na mtu. Sasa niliogopa kukutana na mtu na kutakiwa kufanya jambo. Nilitembea mkono umeshika ala muda wote, jasho la kiganja likalowesha ngozi ikaanza kunuka mbuzi. Nilikata mkungu, kisu kikafanya kazi yake vizuri kabisa, nikarudi mbio na mzigo kichwani. Safari ya pili vivyo hivyo. Mama alianza kupata rangi. Mtoto alianza kulala baada ya kunyonya. Nilijiambia nivumilie, maharage yatakomaa, baba atarudi.

Safari ya tatu nilimkuta mtu.

Ilikuwa katikati ya asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimeshaangusha mkungu na kuulaza chini, nikazunguka kifusi cha nyumba yetu kutafuta majani makavu ya kutengenezea ngata. Mwanamume alikuwa amekaa kwenye jiwe letu la kunolea. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, koti zito la kaki la kijeshi, la zamani, limepauka mabegani. Fimbo ndefu ilikuwa imeegemezwa kwenye mgomba. Mguu mmoja una katambuga la tairi, mwingine hauna.

Nilitaka kupiga yowe, sauti ikakataa. Kitu pekee kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa "Shikamoo."

"Malahaba, dada," akasema. Kwa namna alivyoyatamka maneno hayo, nilijua si mtu wa kwetu. Akasema anafuata ng'ombe wawili waliopotea msituni tangu upande wa Biharamulo, kama nimewaona. Nikatikisa kichwa. Akaonyesha katambuga lake, ukanda umekatika. "Kisu changu walinipokonya kule kwenye kizuizi. Niazime chako, nifunge hii, niondoke."

Nilikuwa nimekishika. Nilikuwa nimesahau kwamba nimekishika, bado kina utomvu wa mkungu. Wachunga ng'ombe wa uongo, walisema kisimani. Koti la jeshi. Nilichopaswa kufanya kilikuwa wazi hata kwa mtoto: kushika kisu na kurudi nyuma, au kushika kisu na kukimbia. Mtu mkubwa ameomba kitu kwa upole, mwili wangu ukafanya ulichofundishwa. Niliinama, nikakiweka kisu chini mbele yake, mpini umemwelekea, nikarudi hatua mbili.

Nilijua nilichofanya wakati kimeshafanyika. Kisu kile nilichokitafuta wiki nzima, nilichokikunja na kukigonga na kukiwekea ahadi ya makopo mawili ya maharage, nilikuwa nimemwekea mgeni miguuni kwa heshima zote.

Yeye alikitazama pale chini, akanitazama mimi, kama mtu aliyetupiwa kitu. Nadhani niliona uso wake ukiumia kidogo. Miaka mingi baadaye nilifanya kazi na watu wa kwao, nikajifunza kwamba kwao kumpa mtu mzima kitu ni kumkabidhi mkononi, na kumwekea chini ni kumfanya mbwa. Siku ile sikulijua hilo. Niliona tu uso umebadilika, nikazidi kuogopa.

Akaokota. Akajaribu makali kwa kidole gumba, akaguna kwa kuridhika. Kisha akaanza kukata kamba za mgomba, ndefu ndefu, moja baada ya nyingine, na mimi nikasimama pale nikizihesabu, nikijiuliza mikono yangu itahitaji ngapi. Sikukimbia. Wanaouliza kwa nini sikukimbia hawajawahi kuogopa kiasi kile. Nilimfikiria mama ameketi mlangoni, anatazama njia, maziwa yanamkauka.

Alisuka kamba, akalifunga katambuga, akakanyaga chini mara mbili kulijaribu. Akafuta kisu kwenye koti, upande huu na upande huu. Akainuka, akanijia, mkono umenyooka mbele, kisu kiko mkononi.

Sauti ikafunguka. Nilipiga yowe ambalo nadhani walilisikia mpaka barabarani, nikageuka, nikaingia kwenye nyasi. Nyuma yangu nilimsikia akiita, "Dada, dada," na nyayo zake zikinifuata, moja ina kishindo, nyingine ina sauti ya kukokota. Nilianguka mara mbili. Ngata, mkungu, mtandio, vyote nikaviacha. Nilifika kizuizini sina pumzi, nikaonyesha nyuma kwa mkono, nikasema neno moja tu: kisu.

Mgambo saba walikwenda. Hawakwenda mbali. Walimkuta njiani anakuja, kisu mkononi, na mkungu wangu begani. Sikuona walichomfanya, nilisikia. Nilikuwa nimekaa chini nyuma ya gogo la kizuizi, nimeziba masikio, lakini mikono haizibi vya kutosha.

Alasiri tulikuwa ofisi ya kijiji. Katibu alikuwa mezani na daftari lake, mkuu wa mgambo kasimama dirishani. Watu walijaa mlangoni, na mbele yao mama, aliyetembea kutoka nyumbani na kichanga mgongoni akiwa hana nguvu za kutembea. Yule mtu alikaa sakafuni, jicho moja limevimba likafumba. Walikuwa wamemfunga mikono mbele. Kisu changu kilikuwa juu ya meza. Mkungu wangu ulikuwa pembeni, kama kidhibiti.

Ofisini tulizungumza Kiswahili, kwa sababu mambo ya serikali yalikuwa ya Kiswahili.

"Ni mupererezi," mkuu wa mgambo akasema. "Koti ra jeshi, hana barua, hana kadi. Na ameiba ndizi."

"Tunaanza na binti," katibu akasema. "Ndugu binti, usiogope. Kisu ni chako?"

"Ni changu."

"Alikipataje?"

Mtoto akakohoa mgongoni mwa mama. Nilifungua mdomo kusema nilimpa, kisha nikamkumbuka yule mwanamke aliyempa mgeni maji. Yeye alitoa maji. Mimi nilitoa kisu. Nilimwona mama anashika fremu ya mlango kama anavyoshika ukuta nyumbani. Nikiondoka mimi, nani ataleta chakula?

"Alininyang'anya," nikasema.

Yule mtu aliinua kichwa. Katibu akaandika, kalamu inakwaruza.

"Halafu akakujia nacho. Alikuwa amekishikaje? Kichukue, utuonyeshe."

Nikasogea mezani. Ili kukichukua ilibidi nipite karibu naye, na hapo nikaiona mikono yake. Kwenye kiganja cha kulia, kwenye mashina ya vidole vyote vinne, palikuwa na jeraha moja jembamba, limenyooka, damu imekauka ndani yake. Mtu akishika mpini hakatiki hapo. Nikauona tena ule mkono ukinijia kule migombani, safari hii pole pole, kila kitu mahali pake. Makali yalikuwa ndani ya kiganja chake. Kilichokuwa kimenielekea mimi kilikuwa mpini mweupe uliofungwa waya.

Alikuwa ananitazama kwa lile jicho lililobaki wazi.

"Dada, waambie," akasema. "Nilikuwa nakuludishia."

Watu wote walikuwa wananitazama. Kama ningekishika alivyokishika yeye, kila mtu angeona, hata aliye nje. Wangeuliza basi uliogopa nini, na ulikimbia kwa nini, na kama anakurudishia maana yake ulimpa. Wote saba waliompiga walikuwa mle ndani. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye nyasi, kuliko nilivyoogopa wakati anakata zile kamba, na safari hii nilijua vizuri ninachofanya.

Nikakishika mpini, nikanyoosha mkono, ncha ikamwelekea katibu tumboni.

"Hivi," nikasema.

Katibu akaandika. Akanigeuzia daftari, akasema asiyejua kuandika aweke dole gumba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa shule nzima. Niliandika jina langu lote. Kabla ya jua kuzama gari la wilayani lilikuja likamchukua, akapanda nyuma kwa shida, katambuga lake limefungwa kwa kamba za migomba yetu. Sikuwahi kusikia alikofikishwa, na sikuwahi kuuliza.

Walinirudishia kisu na mkungu. Mgambo mmoja alinibebea mzigo mpaka nyumbani, akinisifu njia nzima. Mama alimenya zile ndizi kwa kisu kilekile, akazipika na majani ya maharage, tukala sote. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi. Nilikula nikashiba.